Penye Kazi Hapapigwi

“Nimewapiga wote hawa sita, mmoja mmoja na kwa mkupuo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa onyesho kwa ajili ya mkono wangu!”

Hayo aliyasema shangazi yangu kwenye kipaza sauti, jua la mchana likiwaka, mbele ya ukumbi wa jiji, siku walipotangazwa wasanii wa tamasha la jazi la kiangazi. Aliyasema mbele ya wenye kamera, mbele ya mkurugenzi wa tamasha aliyevaa suti nyeupe kama kikombe kipya, na mbele ya hao hao sita, waliokuwa wamepanga mstari nyuma yake wakiangalia viatu vyao. Hakuna aliyebisha. Mpiga besi alijipapasa mbavu, akakumbuka yake.

Shangazi wanamwita Mama Bati. Si kwamba ana mtoto anayeitwa Bati. Mtoto hana, bati ndilo alilolilea. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Ukigonga gari lako likakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, unampelekea yeye. Analipiga. Hana njia nyingine. Mkono wa kushoto unashika kifuawe, kile chuma kizito cha kukingia, nyuma ya bati, wa kulia nyundo mbele, anapiga mpaka bati likubali makosa yake. Sikio lake la kushoto lilishakufa kwa kelele hizo. Ukitaka kumsengenya, kaa upande huo, ila usikae karibu, maana mkono wa upande huo haukufa.

Gereji aliachiwa na babu yangu, na babu ndiye aliyeanzisha bendi. Alikata bomba saba za moshi za magari mabovu, kila moja na urefu wake, akazitundika kwenye kamba, akazigonga kwa spana, akaona ni muziki. Majirani waliona ni kesi. Baadaye zikaja ala za kweli, wakaja na watu wa kuzipiga, wote mafundi wa pale pale au ndugu wa mafundi, lakini jina likabaki: Bomba Saba.

Babu alikuwa mtu wa makofi. Shangazi alipokuwa mdogo aligonga masufuria, babu akampiga. Akagonga ndoo, akapigwa. Siku moja babu akamkuta anagonga boneti la gari la mteja kwa vijiko viwili. Akainua mkono ampige, mkono ukabaki hewani, kwa sababu mguu wake mwenyewe ulikuwa umeshaanza kufuata mapigo. Alisimama hivyo mpaka mtoto alipochoka. Kisha akampiga, kwa sababu boneti lilikuwa limebonyea, na baada ya kumpiga akamfundisha kulinyoosha. Hiyo ndiyo shule aliyosoma, na ukimuuliza alifika darasa la ngapi atakujibu, “Mpaka la damu.”

Sasa, watu wa gereji hupigana. Hupigana kwa sababu ya spana iliyopotea, kwa sababu ya mke, kwa sababu ya nani alipitiliza kwenye wimbo wa tatu. Kabla sijazaliwa, mchomeleaji alimpiga mpiga kinanda kwa spana kwenye vidole, viwili vikavunjika, siku moja kabla ya harusi waliyokodiwa. Kinanda kikapigwa kwa mkono mmoja, bibi harusi akalia, na si kwa furaha. Babu akawaita uani, akawapiga wote wawili, halafu akatoa sheria.

“Gombaneni,” alisema. “Mtu mzima hakatazwi ugomvi, anapangiwa. Lakini mtu asipigwe penye kazi yake. Mpiga tarumbeta asiguswe mdomo. Mpiga kinanda asiguswe vidole. Mwimbaji asiguswe koo. Mpiga ngoma asiguswe vifundo vya mikono. Kwingine kote, Mungu awasaidie.”

Penye kazi hapapigwi. Wakaishi nayo hiyo. Nimekua nikiona vita vya pale uani, na nakwambia ni vita vya ajabu. Mpiga kinanda anapigana mikono ikiwa makwapani, anarusha mateke kama punda mwenye haya. Mwimbaji akizidiwa ananyoosha shingo kama twiga, kusudi ngumi ikose pa kuishia. Mtu akianguka chini, wa kwanza kumwinamia ni yule aliyemwangusha, na swali ni moja: “Mdomo mzima?” Ukisikia “mzima,” wanaendelea.

Shangazi sheria ile alikuwa akitembea nayo hata nje ya uzio. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Ndoa haijapoa, jamaa akamtia kofi kwa sababu chakula kilichelewa. Shangazi akaweka mwiko chini, akamuuliza kwa upole, “Mwenzangu, kazini kwako unatumia nini na nini?” Yule akadhani ni mazungumzo. “Macho, mikono, na huu mguu wa kulia,” akajibu. Hivyo vitatu vilibaki vizima. Vingine vilifanyiwa kazi. Asubuhi aliondoka na lori lake vizuri tu, bila kugonga kitu, na mpaka leo yuko njiani.

Nayasema haya kwa kucheka kwa sababu kwetu ndivyo yanavyosemwa. Lakini niliwahi kumwona amekaa peke yake kwenye kiti chake cha ngoma, kile cha duara chenye ngozi iliyopasuka, bendi nzima imeshaondoka, anapiga toazi kwa ncha ya kijiti, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini haendi nyumbani. Akasema, “Kutwa nzima napiga vitu vilivyoharibika. Hapa tu ndipo ninapopiga kitu kizima.” Kisha akaniambia nitoke, asije akakosea akanihesabu kwenye vilivyoharibika.

Ndiyo maana kiti kile hakikuwa kiti.

Kiongozi wa bendi baada ya babu kufa ni mdogo wake shangazi, yaani baba yangu mdogo, mpiga tarumbeta. Wanamwita Jogoo. Ana kifua cha mbele, ana viatu vyenye ncha, na akipuliza unamsamehe yote. Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akimgongea bomba ili asinzie. Tarumbeta lake la kwanza lilikuwa limekanyagwa na gari. Shangazi ndiye aliyelinyoosha, usiku kucha, kwa nyundo ndogo kama ya mtu wa saa. Ukimwangalia Jogoo jukwaani unamwona yeye. Ukisikiliza vizuri unamsikia dada yake.

Basi, turudi mbele ya ukumbi wa jiji. Mkurugenzi wa suti nyeupe alikuwa akiwatangaza wasanii watakaokuja: mpiga piano asiyeona anayesafiri na kigoda chake mwenyewe, wanawake tisa wenye saksofoni tisa, mzee mmoja wa klarineti ambaye, alisema, ameoa mara nyingi kuliko alivyorekodi. Watu wanapiga makofi. Kisha akasema, “Na wa kufungua tamasha, wana wa hapa hapa jijini, gereji ikiwaka moto: Jogoo na Bomba Saba! Na mwaka huu, kwenye ngoma, mgeni wao wa heshima…” Akamtaja kijana mmoja wa studio ambaye mjini wanamwita Saa, kwa sababu hajawahi kuwahi wala kuchelewa hata pigo moja.

Mama Bati alikuwa anapiga makofi. Mkurugenzi alikuwa amesimama upande wa sikio lililokufa. Ikabidi mpiga besi ainame upande wa pili amwambie: “Mama, wamekutoa.”

Makofi yakaisha. Akamgeukia Jogoo. Jogoo alikuwa ameanza kupendezwa sana na paa la ukumbi.

Hapo ndipo alipokwenda kwenye kipaza sauti, akamsogeza mkurugenzi kwa nyonga kama unavyosogeza mlango wa friji, akasema yale niliyokwambia mwanzo. Akaongeza: “Kwa hiyo mwenye haja na kiti changu aje akichukue. Nitamwonyesha kwa heshima mahali pa kukaa.” Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkurugenzi naye akacheka, akidhani ni matangazo.

Kumbe mambo yalikuwa yameiva zamani. Mkurugenzi alimwambia Jogoo kwamba yule mama anapiga ngoma kana kwamba ngoma imemtukana, na kwamba akikubali kuweka mtu wa taratibu, jina la Jogoo litatangulia mbele ya la bendi. Jogoo akakubali. Mtu akiwekewa jina lake mbele, huwa haangalii ni nani amesogezwa nyuma.

Kesho yake mchana Jogoo alikuja gereji. Tulikuwepo wengi. Shangazi alikuwa na madigadi ya gari dogo la bluu mbele yake, anagonga.

“Dada, nisikilize.”

“Kaa upande wenye sikio.”

Jogoo akazunguka. “Ni onyesho moja tu. Saa apige hili la tamasha, halafu wewe unarudi kwenye kiti chako kama kawaida.”

“Kiti si choo, mtu anatoka mwingine anaingia.”

“Watu wanasema unapiga kwa nguvu mno.”

“Watu gani?”

“Watu.”

“Hao watu wana mdomo mmoja, naujua,” shangazi akasema, bila kuacha kugonga. “Nimeufuta kamasi tangu haujaota meno.”

Mafundi wakaangua kicheko. Mchomeleaji aliinua miwani yake ya kazi ili acheke vizuri. Na Jogoo, ambaye anaweza kuvumilia ngumi lakini si kicheko, akampiga dada yake ngumi ya mbavu.

Hiyo ilikuwa halali. Nyundo ikatua chini. Shangazi akamshika ukosi wa shati, akamzungusha, akamkita kwenye ubao wa zana mpaka spana zikamwagika kama mvua. Jogoo akamrudishia kichwa cha tumbo. Wakaenda chini pamoja, kwenye mafuta machafu na vumbi la msasa, wakaviringika mpaka chini ya gari la bluu na kutokea upande wa pili. Shangazi akainuka wa kwanza. Alimpiga goti la paja, akampiga kiganja cha sikio, akampiga ngumi mbili za kifua zilizotoa sauti ya godoro linalopigwa vumbi. Jogoo akakohoa, akatema, akamrukia tena, akamng’ata bega. Alimng’ata kweli, alama ipo mpaka leo, imekaa kama kiatu cha farasi. Shangazi akapiga kelele, akamwinua mzima mzima, akambwaga juu ya boneti. Lile boneti lilikuwa limenyooshwa asubuhi ile ile.

“Uko sawa mdomo?” mpiga besi akauliza, kwa mazoea.

“Mzima,” Jogoo akasema, damu ikimtoka puani.

“Basi endeleeni.”

Shangazi akamkandamiza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akauweka kwenye ukingo wa gari, ajiegemeze, avute pumzi. Alikuwa ameshinda, na wote pale uani tuliliona hilo. Hata Jogoo aliliona. Na mkono wake Jogoo, ukipapasa nyuma ya kichwa chake juu ya boneti, ukakutana na mpini wa jeki.

Hakupiga kichwa. Hakupiga bega. Aliangalia kwanza, hilo ndilo lisilosahaulika. Aliangalia ule mkono ulipokuwa umeegemea chuma, akapiga hapo, kwenye kifundo, kwa nguvu zake zote.

Nimesikia vyuma vingi vikivunjika pale. Ile sauti haikuwa ya chuma. Ilikuwa ndogo, kama kijiti kikavu ndani ya mfuko.

Mwimbaji akashika koo lake mwenyewe. Mpiga kinanda akaficha mikono. Shangazi hakulia. Aliutazama mkono wake, ambao sasa ulikuwa na kona mahali ambapo mikono haina kona, kisha akainama, akaokota nyundo kwa mkono wa kushoto, akarudi akamkalia Jogoo kifuani juu ya lile boneti, akainua nyundo ile, akailenga mdomo.

“Mama Bati,” mpiga besi akasema.

“Nyamaza.”

Jogoo alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, ile midomo iliyomlisha maisha yake yote, na nyundo ilikuwa karibu nayo kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye chuma. Tukasubiri. Tone la jasho la shangazi likamdondokea kidevuni, akashtuka kama amepigwa.

Shangazi akashusha nyundo.

“Una onyesho Jumamosi,” akasema.

Akateremka, akauweka mkono wake kwenye kifuniko cha boksi kama unavyobeba yai, akaenda hospitali kwa miguu yake.

Mpiga besi akamnyang’anya Jogoo ule mpini. “Umefanya nini wewe?”

“Aliniudhi.”

“Hapa wote tumeudhiana tangu enzi za mzee. Nani amewahi kumpiga mtu penye kazi?”

Jogoo akajifuta damu ya pua. Wao hawakuwa na adhabu, maana babu alitunga sheria akasahau kutunga adhabu; hakufikiria kuna mtoto wake atakayeivunja. Basi walifanya wanachofanya watu wasio na adhabu: walimnunia. Lakini walimnunia huku wakifanya mazoezi na Saa.

Hospitali daktari alimfunga plasta kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, akamwambia asipige kitu mpaka mfupa ushike.

“Kitu, au mtu?” shangazi akauliza.

“Chochote, mama. Ukiutumia kabla haujapona, hautanyooka tena.”

“Mimi ndiye ninayenyoosha vitu hapa mjini,” akasema, na daktari akadhani ni mzaha.

Siku mbili kabla ya tamasha, Jogoo alikwenda nyumbani kwa dada yake kuomba radhi. Alibeba mfuko wa machungwa. Alibisha hodi akiwa amesimama mbali na mlango, tayari kukimbia. Shangazi akafungua, plasta imemlala kifuani, akamtazama usoni muda mrefu, hasa hapa chini ya pua.

“Unazipaka mafuta hizo lips?”

“Nini, dada?”

“Midomo. Naona imeanza kukauka. Kiangazi hiki.”

“Nazipaka,” Jogoo akasema.

“Endelea. Zisije zikapasuka kabla ya Jumamosi.”

Akapokea machungwa, akafunga mlango. Jogoo akaja kwetu akiwa mwepesi kama puto, akamwambia baba yangu: “Dada amenisamehe. Hata afya yangu anaiulizia.” Baba, ambaye Mungu hakumpa kipaji chochote cha muziki lakini alimpa kumjua dada yake, alimtazama tu, akasema, “Pole.”

Yeye shangazi alikuwa gereji, milango imefungwa, anagonga kwa mkono wa kushoto. Alikata kipande kwenye mlango wa gari lililokufa, bati jepesi, akalikunja juu ya bomba mpaka likawa mkono wa shati, akalipima juu ya plasta, akalivua, akaligonga tena. Kwa mkono usio wake ilimchukua mara nyingi, na mara mbili alijigonga goti akatukana kwa sauti ambayo majirani waliijibu. Mwishoni lile bati lilikaa juu ya plasta kama soksi, na mbele, mahali vidole vilipofungwa, kulikuwa na tundu la kuingiza kijiti cha ngoma na skrubu ya kukikaza.

Jumamosi jukwaa lilikuwa uwanjani, watu wamejaa hadi kwenye kuta. Jua lilikuwa bado juu. Saa alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amekifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, amechana nywele, amepanga vijiti kwenye kibegi cha ngozi. Mama Bati akapanda ngazi za nyuma, amevaa ovaroli safi, bati likimetameta mkononi. Watu wa ulinzi walimwachia njia. Mtu mwenye mkono wa chuma huwa haombwi kitambulisho.

Akasimama mbele ya Saa.

“Inuka, mwanangu.”

Saa aliangalia bati. Aliangalia kijiti kilichokazwa kwa skrubu. Akamwangalia Jogoo, ambaye kwa mara ya pili alikuwa ameanza kupendezwa na paa, na safari hii hakukuwa na paa. Akakusanya kibegi chake. “Mama, mimi nilikodiwa kupiga,” akasema. “Kupigwa hatukuongea.” Akashuka, akaenda kukaa na watazamaji, safu ya mbele, na nasikia hakukosa kupiga makofi hata mara moja mahali panapostahili.

Shangazi akakaa. Kiti kikalia kama kawaida yake. Mkurugenzi kule pembeni alikuwa anapunga mikono kama mtu anayezama, lakini mtangazaji alishaanza kuwataja: “Jogoo na Bomba Saba!”

Nisikudanganye kwamba alipiga vizuri. Alipiga vibaya mwanzoni. Mkono wa bati ulikuwa mzito, ulikuwa unachelewa, na kila ulipotua uso wake ulikunjamana kama zile gari anazoletewa. Kwenye wimbo wa pili akaacha kuupeleka mkono ule anakotaka, akaanza kwenda nao unakokwenda. Bati lilikuwa linagonga plasta, plasta inagonga mfupa, na kati ya pigo na pigo kulikuwa na mlio mdogo wa tatu ambao hakuna ngoma inayoutoa. Mpiga besi akausikia, akaja juu yake. Mpiga kinanda akaja. Jogoo, mgongo wake ukiwa kwa dada yake, akausikia naye, na nadhani alijua ni mlio wa nini. Akapuliza kama mtu anayekimbizwa. Sijawahi kumsikia akipuliza hivyo, na hatapuliza hivyo tena. Jasho la shangazi lilikuwa linaruka kwenye matoazi. Kwenye ukingo wa bati, pale lilipokutana na ngozi ya kiwiko, damu ikaanza kushuka, ikafika kwenye ngozi ya ngoma, na kila pigo likairusha juu kidogo. Watu wa safu ya mbele waliona. Walipiga mayowe zaidi. Watu ndivyo walivyo.

Wimbo wa mwisho unaishia kwenye noti moja ya tarumbeta, ndefu, ambayo Jogoo huishikilia mpaka watu waanze kuhofia maisha yake. Siku hiyo aliishikilia kupita zote. Aliishikilia mpaka uso ukawa mweusi tii, mpaka mtangazaji akaangalia saa, mpaka mimi nikaelewa kwamba hataki iishe. Alijua. Alikuwa anaomba kwa pumzi.

Lakini pumzi ya mtu ina mwisho. Noti ikakatika. Shangazi akapiga toazi pigo la mwisho, akalisubiri lilie, likalia, likafifia, likanyamaza. Akaliwekea kiganja cha kushoto kuhakikisha.

Kisha akainuka, akazizunguka ngoma zake taratibu, watu bado wanapiga makofi.

“Limeisha?” akamuuliza.

Jogoo akashusha tarumbeta, akaliweka chini kwa uangalifu, mbali na miguu. Alisimama wima. Hilo ni lazima nimpe. “Limeisha, dada,” akasema.

Shangazi akampiga mdomoni, kwa mkono wa kulia, huo huo, bati na plasta na mfupa uliovunjika, kutokea chini kwenda juu. Vilisikika vitu viwili vikivunjika, na kimoja kilikuwa chake mwenyewe. Jogoo akaenda chini chali, kama mlango unaong’olewa. Shangazi akaanguka magoti hapo hapo pembeni yake, ameukumbatia mkono, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu siku ya jeki akalia kwa sauti. Mpiga besi akakimbia, akainama, akafungua kinywa kuuliza lile swali la mazoea, akakifunga.

Mtangazaji alitazama karatasi yake, akawakaribisha wanawake tisa wa saksofoni. Walipanda wakiruka damu. Mmoja wao aliona kitu cheupe karibu na kiatu chake, akakiokota, akakifunga kwenye tishu, akakileta nyuma ya jukwaa, akauliza ni cha nani.

Mkono wa shangazi haukunyooka. Daktari aliuvunja tena aupange, ukagoma. Umekaa na kona yake, na nyundo sasa anaishika kwa kushoto. Ngoma anapiga kwa kushoto na nusu, na kiti bado ni chake, maana hakuna aliyekuja kukiomba. Jogoo akitaka kusema “fundi” inatoka hewa. Kupuliza hawezi mpaka pengo lizibwe, na bendi bila yeye inasikika kama watu wanaosubiri mtu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno. Walikaa kwenye benchi bega kwa bega, yeye na mkono kwenye kombeo, mdogo wake na kitambaa mdomoni, sikio zima upande wa Jogoo.

“Uliniambia nipake mafuta,” Jogoo akasema nyuma ya kitambaa.

“Ulipuliza vizuri?”

“Nilipuliza vizuri.”

“Basi.”

Wakaitwa ndani. Daktari akamulika, akachungulia, akazima taa, akamtajia shangazi bei kabla hajaulizwa. Jino moja la mbele, la kubandika, ni shilingi elfu themanini na tano.